Wagonjwa 2,400 daftarini, washiriki wako wapi?

Maswali ya toleo hili yametoka kwa wasomaji wa Moshi, Arusha na wilaya za jirani wanaofanya kazi kwenye majaribio ya dawa na chanjo. Yote yanahusu jambo moja: namna ya kupanga uandikishaji wa washiriki ili hesabu itimie bila mtu yeyote kuburutwa.

Nimekabidhiwa kuratibu jaribio la dawa ya kisukari. Tunahitaji washiriki 180 watakaofika mwisho, na tuna miezi 18 ya kuandikisha. Daftari la kliniki linaonyesha wagonjwa 2,400 kwa mwaka jana, kwa hiyo mtafiti mkuu ameandika kwamba kazi itaisha kwa miezi minne. Mimi nina wasiwasi. Nianzie wapi? (Mratibu, Moshi)

Wasiwasi wako ni wa haki. Hiyo 2,400 karibu kwa hakika ni mahudhurio, si watu. Daftari la MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) huhesabu kila anayepita mlangoni siku ile. Mgonjwa wa kisukari hurudi kila mwezi au kila baada ya miezi miwili kuchukua dawa, na kila akirudi anaandikwa upya. Kama wastani ni mara nane kwa mwaka, basi 2,400 ni watu 300.

Usikadirie wastani huo ukiwa ofisini. Ukishapata ruhusa ya kuona kumbukumbu, chukua daftari la miezi mitatu na uorodheshe namba za faili, kila namba mara moja tu. Usitumie majina, kwa sababu mama yuleyule leo ni Anna, mwezi ujao ni Ana, na safari nyingine mtu wa mapokezi amemwandika Mama Gift.

Sasa geukia upande wa pili, yaani idadi unayotaka. Unahitaji 180 wafike mwisho. Kama unatarajia kupoteza mmoja katika kila kumi, gawa 180 kwa 0.9, utapata 200. Hao ndio wa kuandikisha.

Kisha wapitishe wale 300 kwenye chujio, hatua kwa hatua. Asilimia zifuatazo ni za mfano. Za kwako utazipata kwa kupitia faili kama 50 ukiwa na karatasi ya vigezo mkononi. Tuseme 55 katika 100 wanatimiza vigezo kwenye faili na wanaishi karibu: wanabaki 165. Tuseme 80 katika 100 ya hao wanapatikana na wanafika: 132. Wanaokubali ni 70 katika 100: 92. Wanaopita vipimo vya maabara ni 65 katika 100: 60. Kwa maneno mengine, kila watu watano wa daftarini wanakupa mshiriki mmoja.

Hilo la kuishi karibu lisikupite. Hospitali ya kanda kama KCMC ya Moshi hupokea rufaa kutoka Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Aliyetoka Babati au Korogwe amekuja mara moja kumwona bingwa. Ukimtaka arudi kila wiki mbili, hatarudi, na si kosa lake.

Hao 60 ni maji yaliyokwisha kujaa kisimani. Ukishawachota wameisha, na baada ya hapo unategemea chemchemi, yaani wagonjwa wapya. Kama kliniki inapokea wapya 15 kwa mwezi na chujio ni lilelile, unapata washiriki watatu kwa mwezi. Miezi 18 mara tatu ni 54. Jumlisha na 60, una 114. Unapungukiwa 86. Hakuna juhudi ya muuguzi itakayoziba pengo hilo. Linazibwa na kituo cha pili chenye ukubwa kama huo, ambacho kitawafikisha 228. Na kituo hicho kiingizwe kwenye maombi ya kibali tangu mwanzo, maana kukiongeza baadaye ni kurudi kwenye kamati kwa marekebisho huku miezi ikiyoyoma.

Pima pia mikono mliyonayo. Kueleza ridhaa kwa uaminifu ni karibu saa nzima. Ukiweka vipimo na fomu, mtu mmoja anamaliza saa mbili. Muuguzi mmoja na chumba kimoja ni watu watatu kwa siku. Kliniki ikiwa mara mbili kwa wiki, hao ni sita kwa wiki, kama 26 kwa mwezi. Basi wale 92 waliokubali peke yao watakula miezi mitatu na nusu, na miezi minne ya mtafiti mkuu imekwisha huku una watu 60.

Mtaalamu wa dawa wa Marekani, Louis Lasagna, alisema jambo ambalo watafiti wengi wamelithibitisha kwa machungu: wagonjwa wanaofaa huonekana tele kabla jaribio halijaanza, na hupungua ghafla siku linapoanza. Sababu ni kwamba kabla ya kuanza kila mtu huhesabu waliopo, na hakuna anayehesabu waliochujwa.

Mwisho, weka kalenda ya hapa juu ya mpango wako. Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara za mlimani. Kwenye vijiji vya kahawa, msimu wa kuchuma huwabakiza watu shambani. Ramadhani hubadilisha saa za kumeza dawa, na wapo wanaosita kutolewa damu wakiwa wamefunga. Desemba ni mtego wa pekee: kliniki za Moshi, Marangu na Rombo hujaa watu waliokuja nyumbani kwa sikukuu kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Ukiwaandikisha, Januari wamepanda basi na mahudhurio yao yameondoka nao. Kila Desemba liwepo swali hili kwenye karatasi ya uchujaji: "Mwezi wa pili utakuwa unaishi wapi?"

Je, naweza kuanza kubandika matangazo kwenye vituo vya daladala na kuyatuma kwenye makundi ya WhatsApp wakati nasubiri kibali, ili nisipoteze muda? (Mwanafunzi wa uzamili, Moshi)

Hapana. Tangazo ni sehemu ya mchakato wa ridhaa, kwa hiyo maneno yake, picha yake na mahali litakapobandikwa huidhinishwa na kamati ya maadili pamoja na itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti. Utapita kamati ya chuo chako, kisha kibali cha kitaifa cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Likiwa jaribio la dawa, chanjo au kifaa tiba, kuna idhini ya TMDA pia, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Baada ya hapo unajitambulisha mkoani, wilayani na kwenye kituo chenyewe. Na Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, linataka jaribio liwe limesajiliwa kwenye sajili ya wazi, kwa mfano PACTR ya Afrika iliyoko Cape Town, kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa.

Muda huo wa kusubiri utumie kuandika tangazo lenyewe. Liseme kwamba ni utafiti, linamtafuta nani, litamchukulia muda gani, linafanyika wapi, na simu ya kuuliza. Lisiandike "tiba mpya", lisiandike "bure" kwa herufi kubwa, wala nauli isitajwe kama zawadi.

Jambo moja ambalo wengi wanalikosea ni kuchukua namba za simu daftarini na kuanza kupiga. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Namba ile mgonjwa aliitoa kwa ajili ya matibabu yake. Njia safi ni muuguzi wa kliniki, ambaye mgonjwa anamfahamu, kumuuliza kwanza kama yuko tayari mtafiti amweleze jambo. Akikataa, namba yake haitoki kliniki. Utaratibu huu nao uandikwe kwenye maombi yako ya kibali.

Kijijini kwetu wanasema utafiti unanyonya damu na kuipeleka Ulaya. Nikiwaeleza, wananiambia nimelipwa. Niseme nini? (Mhudumu wa afya ya jamii, wilaya ya Hai)

Dada au kaka yetu, usianze na maneno. Anza na vitu vya kushikwa mkononi. Beba mirija mitupu miwili, ule wa kifuniko cha zambarau na ule wa kifuniko chekundu, pamoja na kijiko cha chai na maji yaliyotiwa rangi. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kama itifaki yenu inachukua mililita 10, jaza mirija mbele yao kisha mimina kijikoni: vijiko viwili. Halafu waeleze kwamba anayejitolea damu benki ya damu hutoa kama mililita 450 kwa mkupuo mmoja, na huenda nyumbani kwa miguu yake.

Usiseme "damu kidogo tu". Kila mtu ana kidogo chake, na neno hilo ndilo linalowafanya watu wahisi kuna kinachofichwa.

Swali la Ulaya lijibu kwa ukweli wa itifaki yenu. Kama sampuli zinabaki Moshi, sema zinabaki, taja maabara na taja zitateketezwa lini. Kama sehemu itapelekwa nje, sema hivyo, sema kwa kipimo gani, na sema kwamba lazima uwepo mkataba wa kuhamisha sampuli uliopita kwenye mamlaka za hapa nchini. Mtu aliyeambiwa ukweli mgumu mapema huutetea mbele ya jirani. Aliyefichwa akagundua baadaye, mtaa mzima utajua kabla ya jioni, na hadithi za mumiani zitakuwa zimepata ushahidi.

Kuhusu kulipwa: kama unapata posho, sema unapata, na eleza kwamba ni ya siku ya kazi. Kwa upande wao, viongozi wa utafiti wasikupe malipo kwa kila kichwa unachokileta. Malipo ya namna hiyo humgeuza mhudumu kuwa dalali, na kijiji hutambua hilo upesi kuliko kamati yoyote.

Mzigo huu usibebwe na mgongo wako peke yako. Utafiti unapaswa kuwa na bodi ya ushauri ya jamii, watu kama 10 hadi 15. Wasiwe viongozi watupu. Mwenyekiti wa kitongoji na kiongozi wa dini wawemo, na kwa jamii za Wamaasai laigwanani, yaani kiongozi wa mila, awemo, lakini pia awemo mama muuza ndizi na kijana wa bodaboda, maana uvumi hupita kijiweni kabla haujafika ofisini. Wakutane kabla fomu hazijachapishwa, wakati neno linaweza bado kubadilishwa.

Washiriki wetu wengine hawajui kusoma, na wengine wanaongea Kimaasai tu. Fomu ya ridhaa ina kurasa 11. Tunawasainisha vipi kwa haki? (Muuguzi wa utafiti, Arusha)

Neno "tunawasainisha" tungependa lifutwe kwenye vikao vyenu vya kila asubuhi. Sahihi ni alama ya mwisho ya mazungumzo. Mazungumzo ndiyo ridhaa.

Asiyejua kusoma anahitaji shahidi asiyefungamana na utafiti. Shahidi huyo ajue kusoma, asiwe muuguzi wenu, mpimaji wa maabara wala dereva wa mradi, na awepo tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Anaweza kuwa ndugu au jirani aliyemsindikiza. Mshiriki anaweka dole gumba, jina lake na tarehe vinaandikwa, na shahidi anatia sahihi kuthibitisha kwamba yaliyomo kwenye fomu yameelezwa sawasawa na mtu ameridhia kwa hiari. Kosa la kila siku ni shahidi kuitwa mwishoni, wino ukiwa tayari kidoleni. Huyo hakushuhudia kitu.

Fomu ya Kimaasai itafsiriwe na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeona ya awali airudishe kwenye Kiswahili, na mkae mlinganishe. Upande wa Kilimanjaro msijidanganye kwamba Kichaga ni kimoja: maelezo yaliyoandaliwa Machame huenda yasimfikie bibi wa Rombo.

Hata Kiswahili chenyewe kinahitaji uangalifu. Kueleza kwamba mgawanyo wa dawa ni wa "bahati nasibu" kumewachanganya wengi, kwa sababu bahati nasibu ina zawadi, na aliye kundi la ulinganisho anajiona amekosa. Sema hivi: "Si wewe wala daktari atakayechagua kundi. Kompyuta ndiyo inayopanga, na nafasi ya kila mtu ni sawa", ikiwa kweli ni sawa kwenye itifaki yenu. "Plasibo" nayo usiiache ilivyo. Sema kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo lakini ndani hakina dawa. Na kila unapotaka kusema "matibabu", jiulize kama hukutaka kusema "utafiti". Mtu anayeamini daktari amemchagulia dawa bora hajaridhia utafiti. Ameridhia jambo ambalo halipo.

Kisha mpe nafasi akueleze wewe. Usiulize "Umeelewa?", maana kwa heshima atajibu ndiyo. Uliza: Ukikataa leo, dawa zako za kliniki zitakuwaje? Nani anachagua kundi lako? Utakuja mara ngapi? Ukiona dalili usiyoijua usiku, utampigia nani? Asipojibu moja, rudia sehemu ile tu, kwa maneno mengine. Akishindwa tena, mwombe aende akafikiri, arudi siku nyingine. Jibu la swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote: akisema "nitanyimwa dawa", simamisha hapohapo.

Tena, saa. Mshiriki anaandika kwenye fomu "saa 4:10", kwa saa zetu za kawaida. Maabara inaandika kwenye mrija "10:25". Mfuatiliaji, yaani mkaguzi wa jaribio, anayesoma faili kwa saa za Kizungu anaona ridhaa ya saa kumi jioni na damu ya asubuhi, yaani mtu alitobolewa kabla ya kuridhia. Ni dakika 15 tu za ukweli, lakini utaandika barua mbili kuzieleza. Wekeni saa ya ukutani yenye mfumo wa saa 24 kwenye chumba cha ridhaa, na muuguzi amsaidie kila mtu kuandika kwa saa hiyo.

Wanakubali vizuri, wanatoa damu, kisha ziara ya pili hawaonekani na simu hazipatikani. Tunakosea wapi? (Mratibu msaidizi, Ngaramtoni)

Anzeni na nauli. Kaeni na mshiriki mmoja mhesabu njia yake halisi. Tuseme bodaboda hadi barabarani ni shilingi 3,000 na daladala 2,000. Kwenda na kurudi ni 10,000. Kama bajeti inarudisha 5,000, kila ziara mgonjwa anawafadhili nyinyi nusu ya safari. Ombeni kamati iidhinishe kiwango kwa umbali, na kilipwe siku ileile kabla mtu hajaondoka, si "mhasibu akirudi". Aliyekuja na njaa kwa ajili ya kipimo cha sukari apate chai na kitu cha kutafuna mara damu ikitoka.

Pili ni anwani. Namba moja ya simu ni sawa na hakuna. Chukueni tatu, na kwa kila moja ulizeni ni ya nani na huyo anajua nini. Simu ya mume isipokee ujumbe unaotaja ugonjwa wala kliniki. "Habari, nakukumbusha miadi yetu ya Jumanne saa mbili asubuhi" inatosha. Andikeni jina analoitwa mtaani. Chora ramani ya mkono pamoja naye: kutoka kituo cha daladala, panda hadi kanisani, kata kushoto, nyumba ya bati la bluu. Na kwa wafugaji wa Longido au Monduli, ulizeni mifugo huhamia wapi kiangazi.

Tatu ni nyumbani. Mwanamke mtu mzima anajiamulia mwenyewe, lakini akikubali saa tatu asubuhi bila kumwambia mtu, jioni anakutana na maswali asiyoweza kuyajibu. Mpeni fomu alale nayo. Mkaribisheni aje na amtakaye. Watapungua wanaokubali siku ya kwanza, na wataongezeka wanaorudi ziara ya pili.

Pigeni simu siku mbili kabla ya miadi na tena jioni ya kuamkia miadi. Asipofika, pigeni siku hiyohiyo, kwa sababu itifaki huruhusu siku chache tu mbele au nyuma ya tarehe. Kumfuata nyumbani ni kwa aliyeruhusu kwa maandishi tu. Anayetaka kutoka, atoke. Hadaiwi sababu. Muulizeni jambo moja: anaacha dawa pekee, au na ufuatiliaji pia.

Jaribio letu la chanjo lina miezi minne. Tulipanga 60, tuna 31. Mfadhili anapiga simu kila wiki. Waliochujwa wengi ni watu wazima wenye afya njema kabisa. Turegeze vigezo? (Daktari wa utafiti, Arusha)

Msiregeze wenyewe, hata kwa mtu mmoja, hata kwa simu ya mfadhili. Fungueni kwanza daftari la uchujaji. Kila mstari uwe na tarehe, namba ya uchujaji badala ya jina, umri, jinsi, alikosikia habari, hatua aliyoishia na sababu moja iliyo wazi. "Hakufaa" si sababu. Orodha ya majina inayoambatana na namba hizo ifungiwe kabati lingine.

Panga sababu kwa wingi wake. Wakikataa wengi, tatizo ni maelezo au ratiba. Wakikosekana wa kuchuja, tatizo ni kituo. Ninyi mnasema mnawapoteza wazima maabara, basi tazameni ni kipimo kipi. Mshukiwa wa kwanza ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kiasili bila ugonjwa wowote. Itifaki iliyoandikwa kwa viwango vya Ulaya au Marekani, ikaweka chini ya 1,500 kwa mikrolita kuwa sababu ya kukataa, itawarudisha nyumbani watu wasio na tatizo lolote.

Ikiwa ndivyo, mtafiti mkuu apeleke kwa mfadhili jedwali: wangapi wamechujwa kwa kipimo hicho, viwango vyao vilikuwa vingapi, na viwango rejea vya watu wa eneo hili vinasemaje. Ombeni marekebisho ya itifaki. Mabadiliko ya vigezo hupita kamati ya maadili na TMDA kabla hayajatumika, kwa hiyo weka muda huo kwenye makadirio mapya na umwambie mfadhili tarehe ya kweli. Wakati mnasubiri, endeleeni na vigezo vya zamani. Wale waliokwisha kuchujwa waulizwe kama wangependa kuitwa tena vigezo vikibadilika. Wakikubali, watachujwa upya kwa namba mpya, na ridhaa mpya.